Folda inafunguka kwenye MacBook na Windows 10, lakini Windows 11 inaikataa: tatizo liko wapi?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani yenye Ubuntu, na diski yake ya nje ndiyo inayohifadhi picha za familia, mitihani ninayotunga na maandalio ya masomo. Laptopu yetu ya zamani ya Windows 10 na MacBook ya binti yangu zote zinafungua folda ya "familia" iliyo kwenye diski hiyo bila kuulizwa nywila. Mume wangu amenunua laptopu mpya ya Windows 11 Pro. Hiyo haiioni kabisa kompyuta ya Ubuntu katika orodha ya mtandao, na nikiandika anwani yake napata ujumbe kwamba sera za usalama za taasisi yetu zinazuia wageni wasiojitambulisha, ilhali hatuna taasisi yoyote. Kijana wa dukani alizima fayawoli na kuwasha SMB1, hali ikabaki vilevile. Nimejaribu pia kuandika jina na nywila ninazoingilia Ubuntu, ukarudi ujumbe uleule. Tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, laptopu mpya haina hitilafu, na mtandao wa nyumbani kwako haujaharibika. Kilichotokea ni kwamba folda yako iliwekwa ili mtu yeyote aifungue bila kusema yeye ni nani, na kompyuta zako mbili za awali zimekuwa zikiingia humo kama wageni siku zote. Windows 11 Pro, kuanzia toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, haikubali tena kuingia mahali kwa namna hiyo. Kwa hiyo dawa haiko kwenye laptopu mpya, iko kwenye Ubuntu, na haihitaji kununua chochote.

Naomba tuanze na ujumbe wenyewe, maana una habari nyingi kuliko unavyoonekana. Neno "taasisi" lisikusumbue: Microsoft waliandika ujumbe huo kwa ajili ya maofisi, na sasa unatokea hata sebuleni. La muhimu ni kwamba ujumbe huo hauwezi kutokea mpaka laptopu iwe imeifikia Ubuntu, imezungumza nayo, na imejibiwa kwamba itapokelewa kama mgeni. Maana yake waya au waifai ni nzima, anwani uliyoandika ni sahihi, na poti 445, ambayo ndiyo njia ya mazungumzo hayo, iko wazi. Hivyo kuzima fayawoli hakukuwa na uwezo wa kusaidia hata kidogo. Zaidi ya hapo, fayawoli ya Windows kwa kawaida huzuia wanaotaka kuingia katika laptopu hiyo, wala haiizuii laptopu yenyewe kwenda kufungua folda iliyo kwingine. Tafadhali iwashe leo, kabla ya kuendelea na mengine yote.

La pili la kurudisha ni SMB1. SMB ndiyo itifaki inayotumiwa na Windows, macOS na Linux kupeana faili, na SMB1 ni toleo lake la kale, lenye mizizi katika kazi iliyofanyika IBM miaka ya 1980. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipita katika udhaifu wa utekelezaji wa SMB1 ndani ya Windows, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga kazi za hospitali za umma nchini Uingereza. Baadaye mwaka huohuo Microsoft waliacha kuiweka SMB1 tayari katika Windows 10 mpya. Upande wa Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake mojawapo, Samba, yaani programu inayoifanya Ubuntu yako izungumze lugha hiyo ya Windows, iliizima SMB1 katika mipangilio yake ya kawaida kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kwa hiyo kijana wa dukani aliwasha upande mmoja kitu ambacho upande wa pili haukitumii, na kazi yake ikabaki kuongeza hatari tupu. Kwenye Windows 11 fungua dirisha la kuongeza na kuondoa vipengele vya Windows, ondoa alama zote katika mstari wa SMB 1.0/CIFS, kisha zima laptopu na kuiwasha upya. Bado nasikia ushauri huu wa SMB1 ukitolewa madukani kama dawa ya kila kitu, nami naomba yeyote anayeutoa auache. Mahali pekee panapouhitaji ni pale penye kifaa cha zamani sana, kwa mfano mashine ya skana isiyojua toleo jingine lolote, na hata hapo ni heri kutafuta njia nyingine.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika mipangilio ambayo Ubuntu huja nayo, Samba ina mstari usemao `map to guest = bad user`. Mstari huo unaiagiza hivi: akija mtu mwenye jina usilolijua, usimfukuze, mhesabu kuwa mgeni, lakini akija mtu mwenye jina unalolijua na nywila yake si sahihi, mkatalie. Laptopu ya mume wako ilipofika, ilijitambulisha kwanza kwa jina lake la Windows. Samba hailijui jina hilo, ikaipa ugeni, na Windows 11 ikaukataa ugeni huo. Windows 10 yako na MacBook zilipitia njia hiyohiyo zikanyamaza, na ndiyo sababu kufunguka kwake hakukuwa ushahidi kwamba Ubuntu imewekwa vizuri.

Kwa nini Windows 11 imekuwa kali? Toleo hilo la Pro linadai kwamba kila ujumbe unaopita kati ya kompyuta mbili utiwe saini ya kidijitali, ili mtu wa tatu aliye katika waifai hiyohiyo asiweze kuubadilisha njiani au kujifanya kuwa ni seva yako, yaani kompyuta inayotoa faili, ambayo kwako ni Ubuntu. Ufunguo wa saini hiyo hutokana na nywila ya anayeingia. Mgeni hana nywila, kwa hiyo hana ufunguo, na saini haiwezekani. Msomaji mwingine mwenye shida hii anaweza kupata ujumbe unaolalamika kuhusu saini badala ya kutaja wageni, lakini chanzo ni kilekile.

Hapo ndipo ninapoelewa pia kwa nini jina na nywila zako za Ubuntu zilikataliwa. Samba ina daftari lake la watumiaji, lililo mbali na lile la Ubuntu. Kuwa na akaunti ya kuingilia Ubuntu hakukupi akaunti ya Samba. Uliandika jina halali la Ubuntu, Samba ikalitafuta katika daftari lake, haikulikuta, ikakufanya mgeni kama ilivyoagizwa, na ujumbe uleule ukarudi. Laiti jina lingekuwemo na nywila ikawa na kosa, ungepata ujumbe tofauti, unaosema kwamba jina au nywila si sahihi. Tofauti hiyo ya jumbe mbili inafaa kukumbukwa, kwa sababu inakuonyesha papo hapo kama tatizo ni jina kutojulikana au ni nywila kukosewa. Amri ya `sudo pdbedit -L` itakuonyesha majina yote yaliyomo katika daftari la Samba, na kwako natarajia isionyeshe hata moja.

Utakutana na maelezo yanayofundisha jinsi ya kuilazimisha Windows 11 ikubali wageni na kuacha kudai saini. Njia hiyo ipo, na folda itafunguka. Siipendekezi kwako, Mwalimu, kwa sababu umetaja mitihani. Kama ilivyo sasa, kila aliye na nywila ya waifai yenu, awe jirani, fundi, au mwanafunzi aliyekuja kwa masomo ya ziada na kuomba mtandao, anaweza kufungua folda ya familia kwa simu yake na kusoma mtihani wa wiki ijayo. Kama wageni wameruhusiwa pia kuandika, programu haribifu katika simu au kompyuta moja inaweza kuharibu picha zote za miaka. Windows 11 imekulazimisha kufanya jambo lililopaswa kufanyika tangu mwanzo.

Kazi yenyewe huchukua muda mfupi. Kwenye Ubuntu, fungua dirisha la amri, unda kundi la familia, kisha mfungulie kila mtu akaunti. Kwa mfano wa baba, amri ni hizi:

`sudo groupadd familia`
`sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin baba`
`sudo usermod -aG familia baba`
`sudo smbpasswd -a baba`

Amri ya pili humtengenezea jina katika Ubuntu bila kumpa uwezo wa kuketi mbele ya kompyuta hiyo na kuingia. Ya mwisho humwandikisha katika daftari la Samba na kukuuliza nywila yake. Wewe tayari una jina la Ubuntu, kwa hiyo kwako zinatosha amri ya tatu na ya nne. Nywila ya Samba si lazima ifanane na ile ya Windows.

Kisha fungua faili la `/etc/samba/smb.conf`, baada ya kulitengenezea nakala, na uandike sehemu ya folda yako upya namna hii:

`[familia]`
`path = /srv/familia`
`valid users = @familia`
`read only = no`
`guest ok = no`
`force group = familia`
`create mask = 0660`
`directory mask = 0770`

Endesha `testparm`, ambayo husoma faili hilo na kukuonya ukiwa umekosea tahajia, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Diski ikishapata mahali pake kama nitakavyoeleza hapa chini, na kabla hujagusa laptopu yoyote, jaribu palepale kwenye Ubuntu kwa amri ya `smbclient //localhost/familia -U baba`. Kama `smbclient` haimo, isakinishe kwanza. Ninasisitiza jaribio hili kwa sababu linaondoa mtandao, Windows na fayawoli katika hesabu: likishindwa, kosa liko ndani ya Ubuntu na hakuna haja ya kuhangaika na laptopu, likifanikiwa, Ubuntu iko salama na utafute kwingine.

Umeona nimeandika `/srv/familia`, na hapa naomba usisome haraka, kwa maana ndipo wengi hukwama baada ya kufanya mengine yote kwa usahihi. Diski ya nje ikichomekwa kwenye Ubuntu hufunguka yenyewe chini ya `/media`, ndani ya folda yenye jina la mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, na Ubuntu huilinda folda hiyo ili watumiaji wengine wasipite. Baba akija kupitia Samba na nywila sahihi kabisa, atapokelewa mlangoni kisha atazuiwa kuiona diski. Ikiwa leo wageni wanaifungua, yamkini aliyekuwekea aliandika mstari wa `force user` wenye jina lako, unaofanya kila aingiaye ahesabiwe kuwa ni wewe. Mstari huo uondoe, la sivyo akaunti ulizounda hazitakuwa na maana ndani ya folda.

Diski ipatie mahali pa kudumu. Tengeneza folda ya `/srv/familia`, tazama utambulisho wa diski na aina ya mpangilio wake kwa `lsblk -f`, kisha ongeza mstari mmoja mwishoni mwa `/etc/fstab`, faili linaloiambia Ubuntu kila diski ifunguke wapi. Ikiwa diski ni ya exFAT, kama zilivyo nyingi zinazohamishwa kati ya Mac na Windows, mstari utakuwa hivi, ukiweka utambulisho wa diski yako na nambari ya kundi utakayoisoma kwa `getent group familia`:

`UUID=utambulisho /srv/familia exfat gid=nambari,umask=0007,nofail 0 0`

Neno `nofail` linaiwezesha kompyuta kuwaka kama kawaida hata siku diski ikiwa imechomolewa. Katika exFAT ruhusa za faili moja moja hazipo, na ruhusa zote hutoka katika mstari huo, hivyo usishangae ukitumia `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa, na kuona hakuna kinachobadilika. Ikiwa diski ni ya ext4, maneno ya `gid` na `umask` hayahitajiki. Badala yake, diski ikishafunguka mahali pake papya, endesha `sudo chgrp -R familia /srv/familia` na `sudo chmod -R ug+rwX,o-rwx /srv/familia`. Kumbuka kanuni iliyo nyuma ya haya yote: ruhusa ya Samba na ruhusa ya diski hupimwa zote mbili, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Anayeweza kusoma na akashindwa kuhifadhi, karibu kila mara amezuiwa na ruhusa ya diski.

Upande wa Windows 11, futa kumbukumbu za majaribio yako ya awali. Nenda Credential Manager, pale Windows inapotunza majina na nywila, uondoe chochote chenye anwani ya Ubuntu, na katika dirisha la amri endesha `net use * /delete`. Windows haikubali kuunganishwa na seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na ukijaribu hutoa kosa la 1219, ambalo huwafanya watu wadhani nywila ni mbaya. Sasa andika katika mstari wa anwani wa dirisha la faili `\\192.168.1.20\familia`, ukibadilisha nambari kulingana na anwani ya Ubuntu yako, weka jina `baba` na nywila ya Samba, na ukubali zikumbukwe. Ili anwani hiyo isibadilike kila umeme unapokatika na kurudi, ingia katika mipangilio ya ruta na uihifadhi kwa ajili ya Ubuntu. Folda ikishafunguka, amri ya `sudo smbstatus` kwenye Ubuntu itakuonyesha jina la baba, na toleo la itifaki likiwa SMB3_11.

Kuhusu kompyuta kutoonekana katika orodha ya mtandao, hilo ni jambo jingine kabisa na halina uhusiano na nywila. Orodha ya zamani ilitegemea SMB1. Windows za sasa hutumia njia nyingine ya kutafutana, iitwayo WS-Discovery, na Samba yenyewe haijibu wito huo. Ukisakinisha huduma ya `wsdd` kwenye Ubuntu, itaanza kujibu na jina litaonekana. Mimi sioni ulazima wake ikiwa mmehifadhi anwani na kuunganisha folda kama diski ya kudumu, kwa sababu kuonekana katika orodha hakuongezi chochote katika kufunguka kwa folda.

Kuna wasomaji watakaosoma haya huku ujumbe wao ukiwa tofauti, yaani kosa 0x80070035 linalosema njia ya mtandao haikupatikana. Kwao mazungumzo hayajaanza, kwa hiyo wasiguse nywila. Walinganishe kwanza anwani za kompyuta zote mbili. Katika nyumba ya kawaida sehemu tatu za mwanzo za nambari hufanana. Zikitofautiana, huenda mmoja yuko kwenye ruta na mwingine kwenye hotspoti ya simu. Anwani inayoanza na 169.254 inaonyesha kompyuta haikupewa anwani na ruta. Zikifanana, wapime poti kutoka Windows kwa `Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`, au kutoka Mac kwa `nc -zv 192.168.1.20 445`. Poti ikiwa imefungwa na fayawoli ya Ubuntu imewashwa, amri ya `sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba` itaifungua kwa watu wa nyumbani tu. Kama anwani zinafanana na bado hakuna kinachopita, waangalie kama mmoja ameunganishwa kwenye waifai ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga kwa makusudi, au kama kuna VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wa kompyuta kwenye seva ya mbali, inayoendelea kufanya kazi.

Siku mtakapotaka kinyume chake, yaani Ubuntu au MacBook ifungue folda iliyo ndani ya Windows 11, mjue kwamba ile PIN ya kuwashia laptopu haitumiki kwenye mtandao. Panahitajika nywila kamili ya akaunti, na akaunti isiyo na nywila hukataliwa. Hakikisheni pia mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa faragha katika laptopu hiyo.

Tena, majina ya faili. Kwenye diski ya ext4, Linux inaruhusu faili liitwe "Mtihani: Kidato cha 3?", lakini Windows hairuhusu nukta mbili wala alama ya kuuliza katika jina, hivyo faili kama hilo litaonekana kwa herufi zisizoeleweka. Libadilisheni jina mkiwa kwenye Ubuntu.

Baada ya mabadiliko haya Windows 10 na MacBook zitakataliwa nazo, na wanaozitumia watadhani umeharibu. Hazijaharibika: hazina tena njia ya kuingia kama wageni. Kwenye Windows 10 fanya kama ulivyofanya kwenye Windows 11, kwa jina lako. Kwenye MacBook, katika Finder, bonyeza Command na K pamoja, andika `smb://192.168.1.20/familia`, chagua kuingia kama mtumiaji aliyesajiliwa badala ya mgeni, na binti aweke jina na nywila yake. Laptopu ya Windows 10 ipangieni mustakabali, kwa kuwa Microsoft walimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa haitimizi masharti ya Windows 11, inaweza kuwekewa Ubuntu kama ile ya mezani, na itafungua folda hiyohiyo kwa jina na nywila zilezile.